Bendera Uani Kwetu

Jumapili, 1 Juni

Asubuhi mawingu, baridi kidogo, umande umejaa kwenye kamba za nguo. Jua limechomoza saa tatu.

Leo zimetimia wiki tatu tangu Baba ahamie kwangu. Analala kitanda cha binti yangu, ambaye yuko bweni mpaka Agosti. Nimemaliza kupiga pasi, nimekaa niandike ninayoyaona, maana nikiyasema kwa sauti nitalia, na sipendi kulia Jumapili.

Baba hanyoi ndevu. Akila ni vijiko vitatu, anashukuru, anasema ameshiba. Saa kumi na moja na nusu alfajiri anaamka, anavaa shati, anafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni—kisha hana pa kwenda. Anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni na kulitazama lango la ua kama mtu anayengoja kuitwa jina.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa tarishi wa ofisi ya wilaya. Kupeleka mafaili, kufungua na kufunga madirisha, na kubwa kuliko yote, bendera. Kuipandisha saa kumi na mbili asubuhi, kuishusha saa kumi na mbili jioni. Alistaafu Desemba. Mama akatutoka Februari. Nilipomfuata mwezi uliopita nilikuta jiko limetandwa na buibui, na yeye siku ya tatu anaishi kwa biskuti na maji. Nikamfungashia sanduku bila kumwuliza.

"Mwanangu, mimi si mzigo wa kubebwa," akasema.

Nikamwambia basi mzigo wenye miguu upande gari wenyewe. Akapanda. Lakini kila Jumamosi ananiuliza mabasi ya kurudi kwake yanaondoka saa ngapi. Na mimi najua: akirudi kule peke yake, hamalizi mwaka.

Jumanne, 3 Juni

Jua kali tangu saa mbili. Upepo wa kutosha, nguo zimekauka kabla ya adhuhuri.

Nimerudi kutoka stoo saa kumi na moja jioni. Lile bomba la chuma lililolala nyuma ya vyoo tangu nihamie hapa limesimama! Wima kabisa, kando ya tangi la maji, limechimbiwa, limeshindiliwa kokoto, limepakwa rangi nyeupe. Rangi kaipata wapi sijui. Kiti cha plastiki kilikuwa kitupu.

Nikamwuliza kama ni la kuanikia nguo. Akanitazama kama nimetukana. Akaniagiza: puli ndogo moja na kamba ya manila mita kumi na mbili. Siyo nailoni, nailoni inateleza.

Ni mara ya kwanza kuniagiza kitu tangu aje. Mimi ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi—puli! Angesema nilete kreni ningeleta.

Ijumaa, 6 Juni

Mawingu mepesi. Ubaridi wa alfajiri umekatika mapema.

Niandike kwa utaratibu, nisije nikacheka nikasahau.

Saa kumi na mbili kamili nilikuwa napiga mswaki dirishani. Ikalia filimbi. Moja, ndefu, kali. Nikaganda. Wala sikuamua kuganda, mwili uliganda wenyewe: mswaki mdomoni, mikono ubavuni, visigino pamoja, kama niko darasa la tatu na mwalimu wa zamu yuko nyuma yangu.

Kwa pembe ya jicho nikaona ua mzima. Vyumba tisa, na wote waliokuwa nje wameganda! Dereva wa teksi wa chumba namba saba kainama nusu, pampu ya tairi mkononi. Mama Mikate wa chumba namba tatu kasimama mbele ya tanuri lake na sinia tupu kifuani kama ngao. Mwenyekiti wetu wa wapangaji, fundi umeme, katoka bafuni na taulo—mkono mmoja umeshika ndoo, wa pili umeshika taulo, na uso umeshika woga. Bomba la uani likawa linamwaga maji, hakuna wa kulifunga.

Katikati ya wote, Baba. Kanyoa! Shati jeupe, suruali ina mstari. Anavuta kamba upesi upesi, mkono juu ya mkono, na bendera inapanda mpaka kileleni inakunjuka. Ndivyo alivyonifundisha nikiwa mdogo: hupanda kwa haraka kama habari njema, hushuka polepole kama mtu mzima.

Filimbi ya pili. Wote tukasogea kwa pamoja, kimya. Halafu Mama Mikate akaanza kucheka, na ua wote ukaangua.

"Mzee, siku nyingine utuarifu basi tuvae!"

Mwenyekiti akasema taulo lake lina heshima kuliko suruali za watu wengine. Dereva akauliza kwani ni sikukuu gani leo. Baba akajibu: Ijumaa.

Amekula mayai mawili. MAWILI. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa makusudi.

Jumatatu, 9 Juni

Upepo tangu usiku. Mabati ya jirani yamepiga kelele mpaka kumekucha.

Siku ya nne ya bendera. Sasa hata barabarani wanasimama. Leo nimechungulia langoni: mwendesha pikipiki kazima injini, abiria wake kashuka, wote wawili wamenyooka kama misumari, wanautazama ukuta wetu. Bendera wanaiona ncha tu. Ilipolia ya pili yule abiria akauliza hapa ni ofisi gani. Mwenzake akamwambia ni pa wakubwa, usiulize sana.

Watu wameshampa jina: Babu Bendera. Anajifanya hapendi.

Jana Dereva alifunga bendera ya timu yake kwenye nguzo ya antena. Ni ndefu kuliko mlingoti wa Baba. Baba akamwita.

"Kijana, ile ni nini?"

"Si bendera, Mzee? Wewe una yako, na mimi nina yangu."

"Sijakukataza kuwa nayo. Nakuuliza inafanya nini kule juu ya hii."

Dereva akatazama juu, akatazama chini, akapanda ngazi. Akaishusha futi tatu. Baba akapima kwa jicho, akasema bado. Akashusha futi mbili zaidi. Akashuka ananung'unika kwamba timu yenyewe msimu huu imezoea kukaa chini.

Nimecheka, lakini mimi ni katibu wa wapangaji. Nilipoingia ndani nimefungua faili la mkataba. Kifungu cha saba: *Mpangaji hataweka nguzo, bango wala kitu chochote cha kudumu uani bila wapangaji wenzake kukubali katika mkutano.* Hakuna mkutano uliofanyika. Baba hakuomba, na mimi niliyemletea puli ndiye ninayetunza faili. Nimelirudisha kabatini. Nimefunga kabati kwa ufunguo, sijui namfungia nani.

Jumanne, 10 Juni

Jua, hakuna upepo hata kidogo. Moshi ulipanda wima. Moshi!

Filimbi ya kwanza saa kumi na mbili kamili. Tukaganda kama kawaida. Bendera ikapanda. Ikafika kileleni. Tukangoja filimbi ya pili.

Haikulia.

Baba kasimama chini ya mlingoti, shingo nyuma, anatazama juu. Filimbi ipo shingoni na kamba yake. Dakika moja. Hakuna aliyethubutu. Mimi nina ndoo ya maji mkononi, vidole vinaniuma, nasema moyoni puliza, Baba, puliza. Dakika ya pili. Mwenyekiti anahema kwa pua. Dereva ana abiria wa kuwahi uwanja wa ndege, simu inaita mfukoni mwake, inakatika, inaita. Halafu harufu.

Mama Mikate alikuwa hatua nne kutoka kwenye tanuri lake. Nne! Mikate ndani, mlango wa tanuri umefungwa, moshi unaanza kutoka kwenye nyufa, mweupe, kisha wa kijivu, kisha mweusi. Macho yanamtoka. Anamtazama Baba, analitazama tanuri, anamtazama Baba. Mguu haunyanyuki. Mwanamke ambaye mwaka jana alimfukuza mwizi kwa koleo la makaa!

Ni dakika nne kwa saa yangu. Mwishowe akasema bila kugeuza kichwa, meno yamebana: "Mzee. Filimbi."

Baba akashtuka kama mtu aliyeamshwa. Akapuliza. Sinia tatu za mikate. Makaa matupu. Ua mzima ulikuwa unanuka kama kiwanda kimeungua.

Baba aliomba radhi papo hapo, kofia mkononi. Mama Mikate hakujibu. Akanyamaza, na mwanamke yule akinyamaza ni heri atukane.

Jioni nikamwuliza Baba alikuwa anatazama nini. Akasema hakuna kitu. Ameshusha bendera saa kumi na mbili, akaikunja, akaingia nayo chumbani. Hakula.

Jumatano, 11 Juni

Manyunyu alfajiri, yakakoma. Barabara tope kidogo.

Nimerudi kazini, nikakuta barua imeteleza chini ya mlango wangu. Karatasi ya daftari, mwandiko wa Mama Mikate, mkubwa kama mikate yake. *Kwa Katibu. Mimi mpangaji wa chumba namba tatu nalalamika dhidi ya mpangaji wa chumba namba sita. Mikate yangu imeungua kwa ajili ya kusimama. Nataka mkutano. Wako mtiifu.* Chini ameongeza: *Dada, nakuheshimu lakini baba yako amezidi.*

Chumba namba sita ni changu. Nikakaa na barua mapajani. Baba akaniona, akanyoosha mkono, nikampa. Akaisoma yote, akairudisha.

"Iingize kwenye kitabu."

"Baba, naweza kuongea naye tu—"

"Lalamiko ni lalamiko. Iingize na tarehe."

Nimeiingiza. Lalamiko namba kumi na nne. Mlalamikiwa: baba yangu.

Kisha, nikiwa natafuta kalamu nyekundu, akaanza kusema. Akaleta bendera, akaikunjua mezani chini ya taa. Nilikuwa sijaiona kwa karibu. Rangi zimefifia mpaka zinakaribia kufanana. Na ule ukingo unaopigwa na upepo umepindwa, ukapindwa tena juu ya upindo, tabaka kwa tabaka, kwa uzi wa kila aina. Mshono mdogo mdogo, wa kubana. Mshono wa Mama.

Baba akasema ofisini waliomba bendera mpya miaka tisa. Kila ilipochanika aliileta nyumbani Jumamosi usiku ndani ya gazeti, Mama akaipinda kwa cherehani yake, Jumatatu ikarudi mlingotini. Mkuu wa ofisi hakujua. Nchi nzima haikujua. Mama alikuwa akisema yeye ndiye fundi wa taifa asiye na barua ya ajira.

Mwaka jana mpya ikaja. Sheria ni kwamba ya zamani huchomwa, na tarishi anatia sahihi kitabuni kwamba ameichoma. Baba alitia sahihi.

Alitia sahihi! Baba yangu, aliyenichapa darasa la nne kwa kusema chaki nimeiokota!

"Nilichoma gazeti," akasema. "Jana asubuhi ilipofika juu nikaona mshono wa mwisho umefumuka. Ule aliouweka mwenyewe Novemba. Ndiyo nikasahau wengine wamesimama."

Nikasema nitaangalia kama kuna uzi. Akasema hapana.

Alhamisi, 12 Juni

Jua. Joto la mapema.

Asubuhi bendera haikupanda. Saa kumi na mbili nikaona watu uani wanajizungushazungusha, wanatazama mlango wetu. Dereva akasubiri mpaka na dakika tano ndipo akawasha gari. Mama Mikate akafungua tanuri na kulifunga kwa kishindo mara tatu, hakuna kilichokuwamo.

Nimeomba ruhusa ya saa mbili kazini, nimekwenda ofisi ya mtaa. Bora nijue sheria kabla ya mkutano kuliko kubishana kwa kukisia. Afisa wa mtaa ni kijana, ana kofia ya pikipiki mezani. Nikamwuliza: raia anaruhusiwa kupeperusha bendera ya nchi nyumbani kwake, siku ambayo si sikukuu?

Akasema ndiyo. Akasema ngoja. Akasema nadhani hapana. Akampigia mtu simu, naye akampigia mwingine. Kitabu cha sheria kikapatikana chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Alipokitoa meza ikainama, kofia ikabingirika mpaka mlangoni.

Tumesoma pamoja, kidole chake kinafuata mstari. Anaruhusiwa, aandike barua. Hakuna panaposema majirani wasimame. Hakuna panaposema wasisimame. Tukafika aya ya mwisho: bendera iliyochanika, iliyochakaa au kufifia rangi isipeperushwe popote.

"Yenu ikoje?" akaniuliza.

Nikasema ni ya kitambaa.

Akacheka. Akasema kesho jioni atapita aione.

Nilipofika nyumbani nilikuta tiketi juu ya redio. Jumatatu, saa nne asubuhi, kiti namba kumi na moja, dirishani. Baba alikwenda stendi mwenyewe kwa miguu. Kanambia kwa upole kabisa: hakuja mjini kuwaunguzia watu mikate, na kama hana cha kufanya asubuhi, ni afadhali akose cha kufanya kwake.

Ijumaa, 13 Juni

Mawingu mchana, yakafunguka jioni.

Kijana wa ofisi ya mtaa alikuja saa kumi na moja na robo. Baba alikuwa ameipandisha saa kumi jioni, bila filimbi, ili ikaguliwe ikiwa mahali pake. Hataki ikaguliwe mezani kama nguo ya mtumba.

Ua mzima ukatoka. Kila mtu ana sababu: huyu anafagia palipofagiliwa, yule anaanua nguo mbichi. Kijana akakinga jua kwa mkono, akatazama juu. Akauma midomo.

"Mzee, hii imefifia."

"Imefifia," Baba akasema.

"Na pale pembeni imechanika."

"Imefumuka. Kuchanika ni kitu kingine."

Hapo Mama Mikate akaingia kati, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko.

"Wewe mdogo wangu, imefifia ndiyo nini? Na mimi nimefifia, mbona serikali haijanishusha?"

Kijana akamwuliza: lakini mama, si wewe uliyelalamika?

"Lalamiko langu liko palepale! Namba kumi na nne! Mikate yangu iliungua. Lakini huo ni ugomvi wangu mimi na yeye, wewe nani kakuita?"

Kijana akasema kwa adabu, naye ana haki yake, kwamba sheria hakuitunga. Mpya ikipatikana, barua ya ruhusa atasaini hata kwenye tangi la pikipiki. Hii hapana. Hii ishuke, na isipande tena.

Baba akavua kofia, akanipa nimshikie. Hakupuliza chochote. Akafungua fundo, akaanza kuishusha. Polepole. Na bila filimbi yoyote, watu wakasimama. Ufagio ukasimama, nguo mbichi zikasimama mikononi. Kijana alikuwa ameshanyanyua mguu kuuvusha juu ya pikipiki, akabaki hivyohivyo, mguu mmoja hewani, anatetemeka kama kuku, hathubutu kuurudisha wala kuupitisha. Mimi niliona kila mshono unavyopita mbele ya uso wa Baba.

Ilipofika chini akaikunja mara nne, akaingia nayo ndani. Dereva akamsaidia kijana kutua.

Jumamosi, 14 Juni

Jua la kawaida. Sikutazama vizuri.

Mlingoti mtupu. Baba amenyoosha nguo zake, amezipanga sandukuni. Bendera iko chini kabisa. Kwa sahihi yake ilitakiwa iwe majivu tangu mwaka jana. Hatujaizungumzia, na kwa kweli sitaki kujua zaidi ya ninavyojua. Mtunza stoo anajua: kuna vitu havihesabiwi.

Nimebandika tangazo la mkutano. Kesho saa tisa. Ajenda moja.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi safi, anga limeoshwa. Upepo mwanana kutoka nyuma ya tangi.

Mkutano umehudhuriwa na vyumba vyote tisa—haijawahi kutokea, hata ile siku ya mgogoro wa choo. Nimeandika mihtasari kwenye kitabu chake. Hapa naandika yaliyobaki.

Nilisimama kusoma lalamiko namba kumi na nne. Sauti ikanitetemeka kwenye "dhidi ya mpangaji wa chumba namba sita". Mama Mikate akasema soma kwa sauti, Katibu, wengine hawakusikia. Nikasoma tena. Baba akainuka, akaomba radhi mbele ya wote. Alisema filimbi ikishapulizwa, mpulizaji ndiye mtumishi wa waliosimama, si bwana wao, na yeye alilisahau hilo kwa dakika nne.

"Nimepokea," akasema Mama Mikate. "Na niseme mbele ya mashahidi: siku nyingine kikinukia kitu, nitasogea. Nitasogea kwa heshima, lakini nitasogea."

Mwenyekiti akauliza kama mlingoti ubaki au ung'olewe. Mikono minane juu ubaki. Wa tisa ni mzee wa chumba namba nne, alikuwa amesinzia. Walipomwamsha akanyoosha miwili.

Kisha wakaanza kugombana, ndiyo raha yao. Bendera mpya itafutwe, hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa saa. Mama Mikate: si kabla ya saa kumi na mbili na nusu, sinia la mwisho likishatoka. Dereva: yeye saa hiyo yuko barabarani, ataikosa, na kama ni kukosa basi bora ile kumi na mbili ya sheria. Mwenyekiti akataka ratiba ya kubadilishana kuvuta kamba, kila chumba siku yake. Hapo wote wakapiga kelele kwa pamoja. Mama Mikate akasema Mwenyekiti hata taa ya langoni ameiunga kinyume, ataipandisha bendera miguu juu. Nani atafundisha watu?

Wakamgeukia Baba.

Baba akasema: "Nimewasikia."

Basi. Nimewasikia. Si ndiyo, si hapana. Akashukuru mkutano, akaingia ndani. Mwenyekiti akaniuliza tuandike nini kwenye uamuzi. Nikamwambia mimi ndiye ninayeandika, na sijui.

Jioni nilipika mapema kwa sababu ya safari. Sanduku limesimama kando ya mlango, limefungwa mkanda. Tiketi juu ya redio. Tukala. Alikula sahani yote, lakini hilo sikulitilia maana. Mtu anayesafiri hujaza tumbo. Nikamwambia nimeomba ruhusa kesho, nitamsindikiza stendi, tutoke hapa saa tatu. Akasema sawa.

Nikaanza kuosha vyombo. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, mlango wazi, anajipapasa kisogo.

"Kinyozi mzuri wa huku ni yupi?"

Nikamwambia yuko mmoja karibu na duka la dawa, mkono mwepesi, haongei sana.

"Kesho anafungua saa ngapi?"

"Jumatatu hafungui kabisa, Baba. Anapumzika. Mpaka Jumanne."

Akafikiri. Akajipapasa tena kisogo.

"Basi Jumanne," akasema.

Nikaendelea kuosha. Sahani ileile, nadhani mara nne. Sikugeuka, sikuuliza kitu, hata sikukohoa. Sanduku bado liko mlangoni na tiketi haijaguswa. Yeye amekwenda kulala saa tatu, mimi saa tano kasorobo.